Pichapicha

Asubuhi ile ufukweni walikuwepo hawa: mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, kitindamimba wetu wa miaka mitatu, fundi wa maji kutoka Japani, mwalimu aliyekuwa akimtafsiria, na bibi mmoja wa Ujiji aliyekuja kutuuzia mihogo ya kuchemsha. Mama hakuwepo. Tulikuwa tumemzika siku tisa kabla, ng'ambo ya ziwa, na baba alikuwa ametangulia.

Juzi nilishuka Kibirizi kununua dagaa, nikasimama karibu na pale kilipokuwa kituo chetu. Hapana mahema tena. Mabomba yameng'olewa, nyavu zinakaushwa. Ukipita utadhani hapakuwahi kukaa mtu. Ngoja nikueleze, ndugu yangu, kwa sababu wadogo zangu hawakumbuki.

Tulikuwa tukisubiri malori ya kutupeleka kwenye kambi ya wakimbizi. Asubuhi kulinuka moshi, mawese na dawa ya maji. Kazi yangu ilikuwa dumu: kulipanga foleni alfajiri, kulijaza, kulirudisha kwenye hema kichwani. Hapo bombani ndipo tulipomzoea fundi. Alitembea kando ya bomba ameinamisha sikio, kama daktari. Likisema gobogobo, kuna hewa ndani. Likisema potapota, pamevuja. Maji yakienda vizuri alitabasamu na kusema sarasara, na sisi tuliotoka ng'ambo, ambao kwetu r na l ni ndugu, tulidhani anatuhimiza tusali. Wazee wengine waliinamisha vichwa kweli.

Siku moja mvua kubwa ilipiga maturubai. Fundi akanyoosha kidole juu akasema, "Zaazaa."

Mama mmoja kwenye foleni akamjibu, "Tumeshazaa, baba. Wengine tumewaacha njiani."

Wanawake wakacheka. Fundi akamuuliza mwalimu wamesema nini. Mwalimu akatazama mvua, hakutafsiri.

Penye lango la kituo palikuwa na ubao wa picha za watoto waliopotezana na jamaa zao. Watu walisimama pale kutwa. Mpiga picha alikuwa amekuja kabla hatujafika, na hakuna aliyejua atarudi lini. Tulikuwa tumesikia kwamba mama mdogo, mdogo wake mama, alivuka kabla yetu na yuko kambini. Karani wa kituo alinieleza bila ukali: asipopatikana ndugu kabla ya zamu yetu ya malori, tutagawiwa familia za kutulea. "Watatu ni wengi kwa nyumba moja, binti." Mama alikuwa ameniambia neno moja tu, nisiwatawanye. Kwa hiyo nilikuwa nikitafuta picha kama wengine walivyokuwa wakitafuta chumvi.

Jioni moja fundi alinikuta bombani. Akaonyesha ziwa, akaonyesha sikio lake, akasema kwa Kiswahili chake, "Kesho asubuhi, njooni. Pichapicha."

Sikuuliza. Usiku sikuhisi furaha, nilihesabu tu mambo ya kufanya. Asubuhi niliwaogesha ziwani, nikawapaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za michikichi, mpaka wakang'aa, nikaazima shati la jirani kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume. Tukasimama ufukweni kwa urefu, mimi, yeye, kitindamimba, mikono ubavuni. Niliwaambia wasipepese macho.

Fundi akaja na kidaftari. Akachuchumaa pale vijiwimbi vinapogusa mawe, akatuita kwa mkono. Hatukusogea.

"Sikieni," akasema. "Pichapicha."

Tukazidi kunyoosha shingo.

Mwalimu ndiye aliyeelewa kwanza. "Wanangu, huyu anasema mlio wa maji. Kwao maji ya namna hii yanaitwa hivyo."

"Mmevalia harusi ya samaki," bibi wa Ujiji akasema, akacheka peke yake. Kisha akanitazama usoni, akampa kitindamimba muhogo.

Mimi sikulia. Nilimwambia mdogo wangu alivue shati lisichafuke. Mwalimu akamweleza fundi habari ya ubao, ya mama mdogo na ya karani, na safari hii alitafsiri yote. Fundi hakucheka. Alifunga kidaftari, akapanda pikapu yake akaondoka.

Alasiri alirudi na mpiga picha kutoka mjini, na kamera yake shingoni. Kitindamimba alikuwa amelala mgongoni mwangu, akakataa kuamka. Picha ilipoletwa ilikuwa na nyuso mbili, na mguu mdogo umening'inia kiunoni pangu. Wakaibandika hivyo hivyo.

Siku ya nne mama mdogo alishuka kutoka kwenye lori lililokuwa limepeleka watu kambini. Dereva wake alikuwa amemsimulia juu ya msichana wa ubaoni mwenye mwanya. Alisimama mbele yangu akasema, "Huu mdomo ni wa dada yangu." Akamhesabu na yule wa mgongoni. Karani akaandika watatu, nyumba moja. Mama mdogo alikuwa na watoto wake watano. Ndiyo maana shule mimi niliishia darasa la tano, nikabeba maji ya watu tisa. Wadogo zangu walisoma.

Jioni ile nilikwenda kumshukuru fundi. Alikataa shukrani. Kupitia kwa mwalimu aliniambia anataka kitu kimoja: nimpe neno la Kiswahili la mlio ule, aandike kwenye kidaftari. Mwalimu alikuwa amempa "mawimbi yanapiga", naye akasema hiyo ni habari ya mawimbi, mlio hauko. Nikamwambia, "Kesho nitakuletea."

Malori yetu yalikuja kabla ya mapambazuko.

Jiwe likitumbukia ninalo neno, chubwi. Maji ya mtungi yakimiminika ninalo, chururu. Kitindamimba, ambaye sasa ana wanawe, aliniambia nijaribu chapwachapwa. Juzi nilichuchumaa Kibirizi na mfuko wa dagaa mkononi, nikalisema polepole, nikasikiliza. Siyo. Huo ni mlio wa tope. Nikakaa kidogo, nikajaribu mengine mawili, wavuvi wakinitazama. Sijampatia neno lake.