Shangazi Alipokabidhiwa Mwiko

Ziwa lilipopanda na kuingia nyumbani kwa shangazi pale Katonga, alihamia kwetu Gungu na magodoro mawili na sufuria zake zote. Mama alimwambia apumzike, yeye ni mgeni. Bibi mzaa baba akakataa.

"Zamani tulipokimbia maji," alisema, "mwenyeji wetu alitukabidhi mwiko siku ileile. Mtu anayepika hapati nafasi ya kukaa akilia."

Mama akautoa mwiko kwa heshima. Kweli, shangazi hakulia hata mara moja. Alihamisha jiko la mkaa, akaficha chumvi anapopajua yeye, na kila mchana tukala sombe, majani ya muhogo yanayoogelea kwenye mawese.

Siku ya nne mama alisimama mlangoni pa jiko lake mwenyewe.

"Wifi, naomba kitunguu kimoja."

"Cha nini?" aliuliza shangazi. "Chakula kiko tayari."

Mama akaenda kumshtaki kwa bibi. Alimkuta anakula sahani ya pili.

"Vumilia, mwanangu," bibi alisema. "Hata mwenyeji wetu alilalamika hivyohivyo, na tulikaa kwake miaka miwili."

 Mama alinawa mikono, akaketi kando yake, wakala pamoja.