Viraka vya Godoro la Sekela

Nakumbuka siku moja, nikiwa na miaka kumi na saba, nilivyochekesha ukumbi mzima wa kanisa hapa Kihesa, na kwa wimbo huohuo nikampoteza rafiki. Nakusimulia wewe, mwanangu, kwa sababu nimesoma igizo lenu la nyimbo, hilo la vichekesho vya utoto. Nimecheka sana, ila nilipofika kwa yule mtoto kikojozi nikasita.

Sisi vijana wa kwaya tulitunga letu pia. Tuliigiza kubeba kuni na ndoo ya mbolea kwenda shule, kuiba karanga, kuchapwa kwa kuchafua sweta. Mtunzi nilikuwa mimi, na nilikuwa najiona kweli. Mwenye sauti nzuri kuliko wote alikuwa Sekela, aliyehamia na wazazi wake kutoka Mbeya. Tulikuwa tukienda kuni pamoja, na huko porini aliwahi kuniambia kwamba alikojoa kitandani mpaka darasa la sita, na mama yake alikuwa akimwanikia godoro mbele ya nyumba ili majirani walione.

Basi nikaona nimepata wimbo. Jina nilibadilisha, nikajidanganya kwamba inatosha. Siku ya mazoezi niliuimba mwenyewe, nikalitaja mpaka godoro na viraka vyake vya bluu. Watu wakashika mbavu. Sekela naye alicheka kidogo, kisha akachukua sweta lake akatoka.

Mwalimu Yohana, mzee aliyetufundisha kwaya, hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alisubiri watu watawanyike.

"Aibu yako wewe iko wapi humu ndani?"

"Mimi sikuwahi kukojoa kitandani, Mwalimu."

"Sijakuuliza hilo, binti. Mwenzako umemvua nguo, wewe umevaa koti."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaenda kwao Sekela kuomba radhi, nikamkuta anachambua mchele. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda.

"Jina ulibadilisha," akasema. "Viraka ukaviacha."

Ule wimbo niliutoa, nikaweka wa kwangu. Utotoni baba alinituma ulanzi, pombe ya mianzi, wa wageni. Ulikuwa haujachacha sana, bado mtamu, nikaunywa njiani, nikajazia maji ya mfereji, nikafika nyumbani namwamkia mbuzi shikamoo. Baba nilimwomba ruhusa kwanza, maana alikuwa mzee wa kanisa. Alinuna siku mbili, akakubali, na siku ya onyesho alicheka kuliko wote.

Sekela alikuja kutazama. Alikaa benchi la nyuma, akacheka pia, lakini kwenye kwaya hakurudi. Hadi leo tukikutana sokoni ananisalimu kwa Kihehe, "kamwene", tunaulizana habari za wajukuu. Jambo la moyoni hajaniambia tena, na hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo, mwanangu, huyo kikojozi wenu kama ni wewe, mwimbe kwa nguvu zote. Kama ni mwingine, nenda ukamwombe kabla ya mazoezi ya Jumamosi, usijifiche nyuma ya jina la kubuni. Akikataa, futa, hata kama ndio wimbo mzuri kuliko zote. Aibu ya kuanzia ni yako mwenyewe, na huwezi kuikosa ukiitafuta.

Mungu akupe sauti na akili ya kuchekesha. Na siku ya onyesho, kila aliyeanza mazoezi na wewe awe bado amesimama pembeni yako.