Hesabu Mbili za Reli Moja

Mhandisi wa reli haamini hesabu moja. Kwanza huipiga kwa penseli, akiichukulia reli kuwa boriti ndefu iliyolalia mataruma, kisha huiachia kompyuta iikatekate vipande vidogo kama mchicha na kukadiria mkazo wa kila kimoja. Treni ikipita dirishani, penseli husimama na midomo yake huhesabu mabehewa hadi la mwisho. Dereva wa treni ya saa nne ni mumewe, ila ofisini humwita "dereva" tu, kama mtu baki.

Leo majibu yote mawili yalilingana. Karani wa meza ya pili akapiga makofi. "Hongera, dada! Tukanywe chai." "Mashahidi wawili wakilingana neno kwa neno, ogopa," mhandisi akajibu. Akachukua kipande cha reli kuukuu kinachokandamiza karatasi zake, kilichokatwa darajani wiki iliyopita, akakipima. Juu, panapokanyagwa na magurudumu, palikuwa pamelika unene wa kidole. Hesabu zote mbili alikuwa ameipigia reli mpya, ile ya mchoroni, si hii iliyolika ambayo sehemu yake kubwa bado ilikuwa darajani. Vioo vya dirisha vikaanza kutetema: treni ya saa nne ilikuwa inakuja. Akaikwapua simu ya stesheni, roho mkononi. "Msimamisheni dereva," alinong'ona, kisha sauti ikampasuka. "Msimamisheni baba watoto wangu, kabla hajafika darajani!"