Siku Niliyompulizia Mama Mkwe Filimbi

Chekeni, ila chekeni polepole, maana mke wangu Nekesa akisikia naianika habari hii tena nitalala na njaa. Ndiyo, ni mimi. Mtu mzima na ndevu zangu nilimpulizia mama mkwe filimbi, soko zima la Busia likamzingira kama mwizi wa kuku.

Ni mwaka juzi tu, uhuru wetu ungali mbichi. Wezi walikuwa wametuchosha, leo baiskeli, kesho mbuzi, na wakishavuka kwenda upande wa Kenya ndiyo basi tena. Mzee Ojambo, mwenyekiti wa soko, akasema tujenge ulingo kama ule wa kufukuzia ndege shambani, apande mtu na darubini (yake mwenyewe, alirudi nayo kutoka vita vya Burma) aangalie kila kona. Mtu huyo nikawa mimi. Ningekataa ningepungukiwa nini? Lakini wapi, nilitaka cheo!

Na utamu wa darubini, jamani, usiuonje. Wiki ya kwanza nilitafuta wezi. Ya pili nilikuwa nishajua nani anatia maji kwenye maziwa, na katekista gani ananusa tumbaku nyuma ya kanisa. Mama mmoja muuza samaki akanipigia kelele kutoka chini, "Wewe, sasa hata kujikuna tukuombe ruhusa?" Nikamjibu kwa kiburi kwamba asiye na kosa haogopi kutazamwa. Mjinga mimi.

Basi siku hiyo kulikuwa na uvumi kwamba Tororo watoto wanaibwa. Nikakodoa macho. Mara, nyuma ya ghala la pamba, naona mama mmoja nisiyemjua, amebeba kichanga ndani ya blanketi, anatazama kushoto, anatazama kulia, anamfunua mtoto, anamchekea, anamfunika tena, kisha ananyata kando ya ukuta. Sikungoja. Nikapuliza filimbi mpaka masikio yakaziba, nikanyoosha kidole: "Mwizi wa mtoto! Nyuma ya ghala!"

Mungu wangu! Soko lote likahama, huyu na fimbo, yule na jiwe, nami nikashuka mbio nisije nikakosa kupongezwa. Nikafika mchuuzi mmoja ameshainua fimbo, anafoka, "Wewe mama, nakwenda wapi na mtoto ya watu?" Yule mama hakukimbia. Alijikunja juu ya mtoto, akatoa mgongo upigwe yeye. Ndipo Nekesa akapasua katikati ya watu, chumvi aliyotoka kununua inamwagika, analia, "Mwacheni! Ni mama yangu! Na huyo ni Wandera, mtoto wangu!"

Mtoto ni wangu, na mama ni mama mkwe.

Mtauliza, mtu gani hamjui mama mkwe wake? Kwetu Wasamia mkwe hatazamwi usoni, mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani, na mama hakanyagi nyumba ya binti yake mpaka sherehe yake ifanywe (sherehe ambayo mimi, kwa uvivu wangu, niliiahirisha kila msimu). Tangu nioe nilikuwa nimeona visigino vyake tu. Kumbe kila siku ya soko alikuwa anatembea kwa miguu kutoka Lumino, akutane na binti yake kwa siri pale nyuma ya ghala, ampakate mjukuu wake kidogo, kisha arudi.

Nikampa mgongo upesi, nikajifunika uso kwa kofia, watu wanashika mbavu kwa kucheka. Yeye naye kajifunika kitambaa. Nikamsikia akimwambia Nekesa, kwa sauti ya kunifikia mimi, "Mwambie mwenye nyumba yako, kulinda mtoto ni vizuri, kwa hilo simlaumu. Lakini mwambie huku nyuma nilikuja kujificha kwa kumheshimu yeye."

Nililia ndani ya kofia ile, siwafichi.

Masoko matatu yaliyofuata hakuja. Nekesa alikuwa anakwenda kukaa nyuma ya ghala peke yake na mtoto, anasubiri mpaka soko linafungwa, ndipo anarudi nyumbani. Soko la nne sikupanda ulingoni. Nilimrudishia mzee Ojambo darubini, nikamwambia, "Mzee, weka mwingine, wezi bado wapo. Lakini huyo naye aambiwe mahali pa kutotazama." Nikachukua wazee wangu na majogoo wawili, tukashika njia ya Lumino kuomba sherehe ifanywe mwezi huohuo.

Siku hizi mama anaingia kwangu kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, na mimi nikimsikia tu natoka kwenda kukagua migomba isiyo na shida yoyote. Darubini sishiki tena, hata mnibembeleze. Ila nawaambia ninyi, na msimwambie Nekesa: uso wa mama yule nimeuona mara moja tu maishani, nikiuiba kutoka juu, alipokuwa anamchekea mwanangu. Ulikuwa na furaha ambayo nilitakiwa kuifungulia mlango tangu siku nyingi.