Joto la Mama Gathoni

Mtu akikuambia Garissa kuna joto, muulize joto lipi. Mama Gathoni alitusumbua na swali hilo mwaka wa tisini na sita.

Jina lake hasa Loise. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali iliyoshughulikia mifugo, na mimi, Mwende, mtu wa Mwingi, nilikuwa karani wa mafaili hapo hapo. Nyumba zetu zilipakana ukuta kwa ukuta, mfereji mmoja, na huo mfereji ulitoa maji siku ulipojisikia. Yeye alikuwa na miaka arobaini na minane, mimi thelathini na mmoja. Mumewe, Kang'ethe, alilima viazi na kabeji kule Kinangop, wakaonana mara mbili tatu kwa mwaka, na wote wawili walionekana kuridhika.

Miaka kumi ya kwanza ya Garissa hakulalamika hata mara moja. Alilala nje uani chini ya chandarua kama sisi sote, akanywa chai ya maziwa ya ngamia, akawacheka wageni wa bara waliokuja na masweta. Mwaka wa kumi na moja akakosana na jua.

Ilianza hivi. Anapiga chapa barua, labda ya kuomba chanjo ya mbuzi kule Hulugho, mara mikono inasimama. Shingo inamwiva. Jasho linamtiririka mpaka karatasi inalowa, naye anafungua vifungo vya blauzi mbele ya madereva bila kujali nani anatazama. Dakika chache, basi. Halafu anaona baridi. Halafu ananigeukia mimi: nani kaweka karatasi ya kaboni kichwa chini? Ananitukana mimi na ukoo wangu wote, anakwenda nyuma ya stoo, analia. Akirudi ananiuliza, kwa sauti ya mtu aliyepotea njia, "Mwende, nilikuwa nalilia nini?"

Nitajuaje mimi? Sitajifanya mwema hapa. Nami nina hasira zangu, na mwezi wa pili wa mambo hayo nilikuwa nimeshaacha kumwamkia. Nilimwona mama mtu mzima anayedeka.

Akaenda kliniki moja ya mtaani. Wakampa dawa ya malaria. Akarudi, wakampa tena. Damu ilipimwa, hakuna malaria, wakampa vilevile, kwa kuwa mtu akitoka jasho anapewa dawa ya malaria na asipotoka anapewa ili atoke. Masikio yakamvuma wiki nzima, na jasho likabaki pale pale.

Hedhi yake nayo ilikuwa imeanza kuja kiholela, mwezi huu mara mbili, kisha miezi mitatu kimya. Hilo aliniambia, wala halikumtisha. Kila mwanamke anajua kuwa kuna siku itakoma. Lakini ni nani aliyewahi kutuambia kwamba ikiondoka huondoka na fujo namna hiyo? Leo mimi mwenyewe nimepita hapo, najua. Wakati ule ungeniambia mambo hayo mawili ni kitu kimoja, ningekucheka.

Aliyekuwa na maelezo ni Hadiyo. Hadiyo alituletea maziwa kila asubuhi, mzaliwa wa Habaswein, mama wa watu saba, umri wake hamsini au karibu na hapo, mwenyewe hakujali. Alikuwa na tabia ya kukaa kwenye kizingiti chetu akipumzisha miguu. Asubuhi moja akamkuta Mama Gathoni amelowa chapachapa kabla jua halijapanda.

"Abaayo Loise," akasema, maana alimwita dada kwa lugha yake, na kinywani mwake kila p iligeuka b na v ikawa f, "hii si jua. Jua nabiga Mwende bia, mbona yeye iko kafu?"

"Ni Garissa, Hadiyo. Garissa imeniingia mwilini."

"Si Garissa. Ni jini." Akasema kama mtu anayetaja bei ya sukari. "Mimi najua, kwa sababu mimi bia iko naye. Nabanda hapa," akagusa kifua, "nafika hapa," akagusa paji la uso, "halafu nataka kutuba sufuria."

"Mimi ni Mkristo. Jini aingilie wapi?"

"Jini hauliza dini, abaayo."

Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Mama Gathoni hakucheka, na Hadiyo naye hakuwa akifanya mzaha. Binti zake walitaka achezewe mingis, ile ngoma ya kumtuliza pepo. Shemeji yake, Maalim, mwalimu wa chuo cha Kurani, alisema ngoma hiyo ni haramu, akawa anamsomea aya kwenye maji na kumpa anywe. "Maji ni tamu, walahi," Hadiyo akatuambia. "Mimi nakunywa yote. Joto nakuja tu. Usiku nalia, bwana nauliza kwa nini, mimi najua? Hakuna mtu amekufa."

Basi huyu alishikilia jua na huyu jini, na kila mmoja alimwonea mwenzake huruma kwa ujinga wake. Mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne nilishikilia kwamba wote wawili wana hasira tu.

Siku iliyonibadilisha ni Jumamosi moja ya mwezi wa sita. Tulikuwa tunachambua mchele. Mama Gathoni akaweka sinia chini, akasema, "Mwende, nataka nikuambie jambo, na usiniangalie usoni."

Nikautazama mchele.

Akaniambia kwamba mamake alikuwa na wazimu. Ulimwanza akiwa na umri huu huu, mwaka wa sabini na tatu. Alikuwa akitoka nje alfajiri, Kinangop ile, nyasi nyeupe kwa jalidi, anavua nguo mpaka anabaki na shimizi, anasimama. Anapiga kelele kwa kitu kidogo. Analia bila msiba. Wakamwombea kanisani, wakampeleka kwa daktari aliyempa vidonge vya kulala, mwisho wakamfungia chumbani asije akafa kwa baridi au akawaaibisha. Miaka mitatu. Alipoacha kutoka nje wakamfungulia, lakini alikuwa ameacha pia kusema. Mpaka sasa alikuwa akiishi kwa ndugu mdogo wa Loise, akimenya viazi, akijibu ndiyo na hapana.

"Yangu imeanza hivyo hivyo," akasema. "Hivyo hivyo, Mwende."

Sasa ndipo nilipoelewa kwa nini aling'ang'ania jua. Kama ni Garissa, basi si wazimu. Alikuwa ameomba uhamisho, na barua ilikuwa imekuja: kituo cha Nyahururu, kwenye ubaridi, ajibu kabla ya mwisho wa Julai. Lakini kwanza angechukua likizo aende nyumbani. Mwezi wa saba kule watu wanavaa makoti mawili.

"Nikifika kule nisitoke jasho, ni Garissa, natia sahihi, mambo yamekwisha," akasema. "Nikitoka jasho kwenye baridi ile…"

Nilimwomba Mungu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mtu apigwe na baridi.

Akaondoka na basi la asubuhi lililosindikizwa na polisi mpaka Mwingi kwa sababu ya majambazi. Likizo yake ilikuwa siku ishirini na moja. Alirudi siku ya tisa.

Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti na mkoba wake, hajafungua hata mlango. Hadiyo alikuwa amefika na maziwa, amekaa kando yake. Nikaketi chini.

"Lilinifuata," Mama Gathoni akasema.

Siku ya tatu tu, kwake mwenyewe, akiwa amevaa sweta mbili na leso kichwani, likampanda. Kang'ethe alidhani ni homa, akamletea blanketi. Siku ya nne tena. Siku ya tano hakuweza kukaa, akaenda kwa ndugu yake kumwona mamake, kwa sababu alitaka kuuangalia vizuri wazimu anaouendea. Ndivyo alivyosema.

"Tulikuwa mlangoni mwa jikoni, yeye na mimi, tunamenya viazi. Kuna ukungu, huoni hata zizi. Likaanza. Nikavua sweta, nikavua leso, nikafungua blauzi, jasho linadondokea viazi. Nikajua nimekwisha. Nikamtazama mama, naye ananitazama mimi. Akaweka kisu chini. Akachukua ungo, akasimama mbele yangu, akaanza kunipepea."

"Masha Allah," Hadiyo akanong'ona.

"Kisha akaniuliza, 'Lako linaanzia wapi?'"

Mimi nilikuwa nimeshika mfuniko wa kibuyu cha Hadiyo na sijui niliutoa saa ngapi.

"Mama hajaniuliza swali tangu nikiwa msichana. Nikamwonyesha, hapa kifuani. Akasema, lake lilianzia shingoni, likapanda masikioni, na nje palikuwa na nafuu. Akasema lilikuja miaka mitatu, minne, halafu likaenda zake lenyewe. Bibi yake pia lilimpata. Akasema, 'Niliwaambia nasikia joto. Mkawa mnanifunika.'"

Hadiyo alisimama. Akaketi. Akasimama tena. Alikuwa akihesabu kitu kwa vidole, nafikiri miezi yake mwenyewe. "Kifuani, shingoni," akasema. "Na kulia? Yeye bia nalia?"

"Na kulia."

"Na hakuna jini?"

"Sijui kama hakuna jini, Hadiyo. Najua mama hakuwa na wazimu."

"Basi, alhamdulillahi!" Hadiyo akampiga begani kwa furaha, maziwa yakamwagika kidogo. "Wewe hakuna wazimu, mimi hakuna, hii nakuja na naenda yake! Chana hiyo barua. Kaa hapa, sisi natoka jasho bamoja."

Mimi nami nikachangamka. Nikamwambia habari ni njema kuliko zote, uhamisho wa nini sasa, joto ni lile lile hapa na Nyahururu, na Garissa angalau kila mtu analowa, hakuna atakayekushangaa. Nilisema mengi. Nilikuwa nimefurahi, na nilijiona nimesamehewa zile siku nilizokataa kumwamkia.

Lakini Mama Gathoni alikuwa analia. Hakuwa akilia kile kilio cha nyuma ya stoo kisichojijua. Tukatazamana, mimi na Hadiyo, tumepotea kabisa. Mtu anaambiwa hana ugonjwa aliouogopa miezi yote hiyo, kisha analia kama amefiwa?

"Barua nitaitia sahihi," akasema. "Nyahururu si mbali na kwao. Nitakuwa naenda kila Jumamosi."

"Kwenda kufanya nini, Mama Gathoni?"

"Sijui. Kumenya viazi."

"Lakini yeye mesema," Hadiyo akajaribu, polepole, kama anayemsemesha mtoto. "Mesha toa kwa roho. Bole kwa yeye, ilikuwa zamani. Watu hawajui. Sasa nyinyi mejua, imekwisha."

"Haijakwisha."

"Kwa nini?"

Mama Gathoni akajifuta uso kwa kiganja. Joto lilikuwa limeanza kumpanda, niliona shingo ikigeuka rangi, lakini hakufungua hata kifungo kimoja.

"Baba alikuwa amekufa," akasema. "Ndugu zangu walikuwa wadogo, wako shuleni. Alikuwa akigonga ule mlango kwa ndani, kila alfajiri. Fungua, mwanangu, nasikia joto. Miaka mitatu, Hadiyo. Ufunguo nilikuwa nao mimi."