Mkeka wa Nei Mere

Juzi Mama aliunguza wali wa nazi. Alikuwa kwenye simu na shangazi yangu aliye Mombasa, tui likakauka, na ile harufu ya nazi iliyoshika chini ya sufuria ikajaa nyumba nzima mpaka koridoni. Mama alikasirika akaenda kufungua madirisha. Mimi nilisimama jikoni nikiivuta taratibu. Ilikuwa harufu ya nyumba ya Nei Mere, jirani yetu wa mlango wa pili kule Fridley, Minnesota, tulipokuwa tukikaa huko nikiwa na miaka minane.

Haya nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza naona haya zaidi. Mama hunisema kila siku kwamba nakielewa Kiswahili chote lakini najibu kwa Kiingereza. Basi leo najibu.

Nei, kwao, ni kama Bi kwetu. Alizaliwa kwenye kisiwa kidogo cha Pasifiki, chembamba hivi kwamba, alivyosema, ukiwa katikati unasikia bahari kwa masikio yote mawili. Mwanawe, Tioti, alikuwa akifanya kazi kiwandani, ndiye aliyemleta Minnesota. Mama alipokuwa na shifti ya mchana kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mimi nilibaki kwa Nei Mere. Alikuwa na mbuzi ya kukunia nazi kama ya nyanya yangu, ila yake haikuwa ya kukunja. Alikaa juu yake, akakuna, akahadithia.

Alipenda sana kuhadithia habari za enzi za Waingereza. Kisiwani kwao hakukuwa na Mzungu hata mmoja anayekaa, lakini sheria zake zilikaa. Nyumba zote zilitakiwa kuwa kwenye mstari mmoja, na kati ya nyumba na nyumba nafasi iliyopimwa kwa kamba. Kengele ikilia usiku, taa zizimwe. Kila baada ya miezi kadhaa meli ya serikali ilitokea, Bwana DO, yule ofisa wa wilaya, akateremka na soksi zake ndefu, na hapo ndipo ukaguzi. Kila familia ilitoa vitu vyake vyote nje: mikeka, vyungu, vikombe, vyandarua. Vilipangwa mbele ya nyumba juu ya changarawe nyeupe, na wenyewe wakakaa kando, miguu imekunjwa, kimya. Nyumba ikionekana chafu, mama wa nyumba alipelekwa kufagia barabara wiki nzima.

Mimi nilikuwa mtoto mwoga wa watu. Mgeni akinisemesha, nilijificha nyuma ya Mama. Labda ndiyo maana nilizipenda hadithi ambazo ndani yake watu wote wamekaa kimya.

Kitu alichokithamini kuliko vyote kilikuwa mkeka. Mama yake aliusuka kwa majani ya mkadi, mti ule ule ambao Mama yangu anaujua kwa maua yake ya kunukia tu. Ulikuwa laini kama kitambaa, na pembeni una mistari ya rangi ya kahawa. Hakuulalia. Aliuweka chini ya godoro, akautoa siku za jua. Siku moja alimwambia Mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba huo ndio atakaolazwa juu yake siku atakapokufa. Mama aliniambia baadaye nisiukanyage. "Ni kama sanda yake ule, mwanangu."

Wakati wa kiangazi karatasi ilibandikwa kwenye milango yetu: wenye nyumba watakuja kukagua. Tioti alimweleza mama yake kwamba ni kijana tu anakuja kutazama king'ora cha moshi na kama sinki linavuja. Nei Mere akaitikia. Tioti alipoondoka kwenda kazini, akaanza kukunja godoro.

Nilimsaidia kubeba. Nawaambia kweli, sikuwahi kufurahi vile. Tulitoa kila kitu, tukavipanga kwenye nyasi mbele ya jengo, karibu na barabara, kwa mstari. Alirudi nyuma kutazama, akaja akasogeza birika kidogo. Mkeka aliutandika mwisho wa mstari, peke yake, kwa heshima. Kisha akaenda kubadili nguo, maana hukaguliwi na gauni la jikoni.

"Kaa hapa," aliniambia. "Angalia kuku wasipite juu."

Fridley hakuna kuku. Lakini niliwaangalia.

Nyinyi mnaokaa huku mmeshaelewa. Hapa kwetu kitu kikiwekwa kwenye nyasi karibu na barabara, maana yake kimetupwa, anayekitaka achukue. Hata kochi letu la kwanza Mama alilipata hivyo. Gari jekundu lilisimama, akashuka mama mmoja mwenye miwani ya jua kichwani. Akapita mstari mzima akitazama, akafika kwenye mkeka, akapiga magoti, akaupapasa.

"Huu ni wa kuchukua, mpenzi?"

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwepo. Alinitabasamia, akasubiri, na kila alivyosubiri nikazidi kuogopa. Nikatikisa kichwa chini, juu, chini. Ili aondoke. Hiyo tu. Akaukunja vizuri, akanishukuru mara mbili, akaenda.

Nei Mere alitoka na gauni la maua, nywele zimechanwa kwa mafuta. Yule kijana wa ukaguzi naye akafika saa ileile, akavuka birika, akauliza kama tunahama. Nei Mere alisimama wima mpaka kijana alipoondoka. Ndipo akautazama mstari, akafika mwisho wake. Nyasi zilikuwa bado zimelala pale mkeka ulipokuwa.

"Nani?" aliuliza.

Nilitazama viatu vyangu. Aliinama akanitazama usoni kwa muda mrefu, kisha akachukua birika akaniambia nibebe vikombe.

Jioni Tioti alirudi kutoka kazini. Alitafuta mkeka chini ya kila godoro, akapanda na kushuka ngazi, akaanza kunigeukia mimi. Mama yake hakumwacha amalize.

"Niliutoa mimi," alisema. "Kuna mtu aliupenda."

Tioti alimwita mama yake mwendawazimu wa ukarimu. Nami, nisiwafiche, nilipumua. Nilijiambia kwamba bibi huyu amesahau, wazee husahau.

Wiki chache baadaye, akikuna nazi, alinisimulia kisa kingine cha ukaguzi. Nyuma ya mstari wa nyumba kulikuwa na kibanda cha bibi yake, na sheria ilisema mtu asilale humo. Bwana DO alimuuliza Nei Mere, wakati huo akiwa mdogo kuliko mimi, kama kuna anayelala pale. Soksi zile zilikuwa mbele ya uso wake, na kwa woga akaitikia kwa kichwa. Kesho yake kibanda kilivunjwa. Bibi alipouliza ni nani aliyesema, mama yake Nei Mere akajibu, "Ni mimi." Bibi hakusema naye msimu mzima. Mimi nilimwuliza kama soksi zilikuwa za sufu. Akacheka mpaka akasimamisha kazi.

Mwaka uliofuata tulihamia Hopkins, nao wakaenda Anoka. Nilikuwa nikisema nitaenda kumwona. Nilikwenda mwezi uliopita, na Mama, kanisani, kwa mazishi yake. Chini ya jeneza palikuwa na zulia la kukodi. Tioti, ambaye sasa ana mvi, alikuwa akiwaambia watu huku akijaribu kucheka kwamba mama yake hakujua kushika kitu, kwamba mkeka wa kulazwa juu yake alimpa mtu wa njiani asiyemjua hata jina.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa amesahau. Alifanya alivyofanyiwa, na miaka yote hii mwanawe alimwona mzembe kwa ajili yangu, kama vile yule bibi wa kibandani alivyomnunia mama yake Nei Mere kwa ajili ya Nei Mere mwenyewe.

  Nikamshika Tioti mkono wa koti.

"Anko, si yeye aliyeutoa. Ni mimi."