Wembe wa Siku za Uchaguzi

Kinyozi wetu wa soko la Mbarara hajawahi kushindwa ubishi, maana huuliza swali wembe ukishafika kooni, kidole chake kidogo kikiwa juu kama cha mnywa chai. Wiki ya uchaguzi wa 1980 alikuwa akimnyoa Mzee Ignatius, tajiri wa malori, aliyeshikilia kwamba tajiri na maskini walipe kodi sawa. Mkono wa kinyozi ukasimama, wembe kooni, shavu moja bado lina povu. Nje, mkutano wa kampeni ulikuwa unamngoja mzee.

“Sawasawa kabisa, mzee?”

Wembe haukusogea.

“Haya! Mwenye nyingi alipe nyingi!”

Benchi zima tukashangilia. Kinyozi akamaliza kumnyoa, akapokea noti, hakurudisha chenji. Akamwita mkimbizi mmoja wa kambi ya Nakivale, aliyekuwa amesimama mlangoni:

“Kaa, ndugu yangu. Mzee ameshakulipia.”